Hewa Juu, Mbao Chini: Kichujio cha Udongo kwa Majitaka ya Nyumbani

Ukimsikia mwenye nyumba wa Kimandolu, Arusha, akisifia shimo lake la majitaka kwamba lina miaka kumi na halijawahi kunyonywa, usiharakishe kumwonea wivu. Maji aliyoyamwaga humo hayakutoweka. Yamepenya kwenye majivu na mawe mepesi ya volkano ya Meru, ardhi inayokunywa maji upesi, yakaenda kuungana na maji ya chini ambayo mwingine, upande wa Moshono au mbali zaidi kuelekea mto Kikuletwa, anayapandisha kwa pampu. Njiani ardhi imefanya kazi yake: taka ngumu zimebaki, vijidudu vingi vimekwama, harufu imekwisha. Kitu kimoja kimepita bila kuzuiwa, nacho ni naitrojeni.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye choo cha kumwaga maji, mwenye karo na shimo la kufyonza, na ambaye bomba la majitaka la AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, halijafika mtaani kwake. Kama limefika, jiunge nalo. Hakuna kichujio cha nyumbani kitakachokupunguzia kazi kuliko hilo. Lakini sehemu kubwa ya mitaa inayopanda kuelekea Suye, na vijiji vya Arumeru vilivyo juu yake, itaendelea kutegemea mashimo kwa muda mrefu. Ndiyo maana ni vizuri kila fundi na kila mwenye nyumba ajue namna ya kuyatengeneza yasiharibu maji ya walio chini.

Hesabu ya familia moja

Anza na hesabu, maana bila hesabu jambo hili linaonekana dogo. Watafiti wa Sweden, Håkan Jönsson na Björn Vinnerås, walikadiria mwaka 2004, kwa kutazama chakula kinacholiwa katika nchi mbalimbali, kwamba mtu mmoja nchini Uganda hutoa kilo 2.5 za naitrojeni kwa mwaka. Kati ya hizo, kilo 2.2 ziko kwenye mkojo. Chakula chetu hakitofautiani sana na cha Uganda, kwa hiyo chukua kiasi hicho. Familia ya watu sita inatoa kilo 15 kwa mwaka. Mfuko wa urea wa kilo 50 anaonunua mkulima una kilo 23 za naitrojeni. Maana yake familia hiyo inazika theluthi mbili za mfuko wa mbolea kila mwaka, tena chini kabisa ambako hakuna mzizi unaofika.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha naitreti kwenye maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, ambazo ndani yake naitrojeni yenyewe ni kama miligramu 11. Ili kilo 15 ziyeyushwe mpaka zifike kiwango hicho, zinahitaji lita milioni moja na laki tatu na ushee za maji safi kila mwaka. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Mvua ya milimita 1,000 ikinyesha juu yake kwa mwaka, na kila tone likazama bila kutiririka wala kukauka, zinapatikana lita 400,000. Hazifiki theluthi ya maji yanayohitajika. Kweli si naitrojeni yote inayofika chini. Nyingine hubaki kwenye tope la karo, nyingine hupotea kama gesi. Hata hivyo, nusu yake ikipotea njiani, bado hesabu haikubali.

Zamani hesabu hii ilikubali. Boma lilikuwa na ekari kadhaa za migomba na kahawa, choo kilikuwa cha kuhamahama, na mizizi ilikula kilichomwagwa. Kilichobadilika ni ukubwa wa viwanja. Shamba la baba limegawanywa kwa watoto, watoto wameuza vipande, na penye boma moja sasa pana nyumba nane, kila moja na shimo lake.

Dodoma ilishaonyesha jambo hili linakofikia. Mwaka 1996 mwanajiolojia Hudson Nkotagu alichapisha utafiti wake kuhusu naitreti nyingi iliyokutwa kwenye maji ya ardhini ya huko, na akahitimisha kwamba chanzo chake ni majitaka ya watu. Maji ya chini yakishajaa naitreti hayasafishiki kwa mwaka mmoja wala miwili. Hiyo ndiyo sababu ya kushughulika mapema, kabla visima vya mteremko huu havijafika huko.

Madhara yenyewe? Mtoto mchanga, hasa wa chini ya miezi sita anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima, anaweza kupata ugonjwa ambao damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Midomo na kucha vinakuwa vya bluu. Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, ndiye aliyeuhusisha na maji ya visima mwaka 1945. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama yuko salama zaidi. Na hapa niseme jambo ambalo kila mama anapaswa kulisikia kliniki: kuchemsha maji hakuondoi naitreti. Kadiri yanavyochemka na kupungua sufuriani, ndivyo naitreti inavyozidi kukolea. Chujio la mifupa iliyochomwa, linalotumiwa huku kwetu kupunguza floraidi inayotia meno rangi ya kahawia, nalo halikutengenezwa kwa kazi hii.

Udongo unafanya nini, na unashindwa wapi

Ukielewa sehemu hii vizuri, ujenzi utakuwa rahisi, na fundi hatakudanganya.

Naitrojeni hutoka nyumbani kama urea ya mkojo na mabaki ya protini. Ndani ya karo hugeuka amonia, ile inayowasha pua. Chembe za udongo zina chaji hasi na amonia iliyo ndani ya maji ina chaji chanya, hivyo udongo huishika kwa muda. Wanakuja bakteria wanaopenda hewa, wanaiunganisha na oksijeni na kuifanya naitreti. Naitreti ina chaji hasi kama udongo, kwa hiyo haishikwi na chochote. Inakwenda na maji popote yaendako. Shimo la kawaida la kufyonza linaishia hapo. Limefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo imeifanya naitrojeni iwe rahisi zaidi kusafiri.

Nusu ya pili hufanywa na bakteria wa aina nyingine. Hawa wakikosa hewa hunyang'anya oksijeni iliyomo ndani ya naitreti na kupumua kwa hiyo. Kinachobaki ni gesi ya naitrojeni, ileile inayojaza asilimia 78 ya hewa tunayovuta, nayo inapanda na kwenda zake bila kumdhuru mtu. Ila bakteria hawa wanahitaji chakula chenye kaboni, na maji yakishapita kwenye mchanga wenye hewa hayana tena chakula hicho. Kwa hiyo tunawapelekea wenyewe: vumbi la mbao, linaloachia kaboni polepole kwa miaka.

Hivyo kichujio kinachoondoa naitrojeni kina matabaka mawili yenye tabia tofauti, na mpangilio wake haugeuzwi: tabaka la juu ni la mchanga mkavukavu wenye hewa, na la chini ni la mchanga uliochanganywa na vumbi la mbao, likiwa limezama ndani ya maji muda wote. Ukiweka mbao juu, zinaoza kwa hewa bila kugusa naitreti, maana naitreti yenyewe bado haijatengenezwa.

Hili si jambo la kubuni. Huko Ontario, Kanada, Will Robertson na John Cherry wa Chuo Kikuu cha Waterloo walizika vumbi la mbao chini ya mifumo ya majitaka ya nyumba na kuchapisha matokeo mwaka 1995. Vizuizi vyao vilipopimwa tena baada ya miaka 15 bado vilikuwa vinaondoa naitreti. Katika kaunti ya Suffolk, jimbo la New York, ambako nyumba nyingi hutegemea mashimo na maji ya kunywa yanatoka chini ya ardhi ileile, Chuo Kikuu cha Stony Brook kimekuwa kikijaribu muundo wa sentimita 45 za mchanga juu ya sentimita 45 za mchanga na vumbi la mbao. Huo ndio nitakaoueleza. Japani, mtafiti Toshiyuki Wakatsuki wa Shimane alikwenda njia nyingine: vipande vya udongo uliochanganywa na mkaa, vumbi la mbao na chembe za chuma, vikapangwa kama matofali katikati ya matabaka yanayopitisha maji upesi. Japani nayo ni nchi ya volkano, na mbinu yake ilienda mpaka Moroko.

Hapa karibu, Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, kilomita chache ukishuka barabara ya Moshi, ina wataalamu wa mabwawa ya matete, yaani vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete na kupitishiwa majitaka. Ni mbinu nzuri kwa shule, hospitali na viwanda. Kwa naitrojeni peke yake, kitanda cha matete kilichozama ndani ya maji wakati wote kina udhaifu mmoja: ndani yake hewa ni chache, kwa hiyo amonia nyingi inaweza kupita bila kuguswa. Anayekitaka akitangulizie mchanga mkavu.

Kabla hujatoa hela

Kama fedha ni kidogo, usianze na kichujio. Rudi kwenye zile kilo 2.2 za mkojo kati ya 2.5. Hakuna kichujio duniani kinachoshinda kutoumwaga mkojo shimoni. Nyumba yenye sehemu ya haja ndogo ya wanaume, au choo kinachotenganisha, inaweza kuukusanya kwenye dumu lililofungwa vizuri, ukae angalau mwezi mmoja, kisha uchanganywe na maji mara tatu hadi tano ya ujazo wake na kumwagwa kwenye mfereji mdogo kuzunguka migomba au mabingobingo, usigusane na majani, na kufukiwa udongo palepale. Ufanye msimu mimea inapokua, si katikati ya mvua kubwa. Wapo watakaosita, na sitawalaumu. Lakini jirani anayenunua urea dukani huku akizika yake mwenyewe ardhini anapoteza mara mbili.

Choo cha shimo kikavu, kisichotumia maji, hakiunganishwi na kichujio hiki kabisa, kwa sababu hakuna mtiririko wa kuchuja. Kwake dawa ni kutenganisha mkojo na kutochimba kina kirefu. Na maji ya kuogea na kufulia, ambayo yana naitrojeni kidogo sana, yatoe kwenye mstari wa choo yaende kwenye migomba. Ukifanya hivyo kichujio chako kinaweza kuwa nusu ya ukubwa.

Wafugaji wa ng'ombe wa ndani wajue pia kwamba ng'ombe mmoja wa maziwa anatoa naitrojeni kuliko familia nzima. Ukijenga kichujio cha choo huku mkojo wa zizi unatiririka kwenye shimo la nyuma ya nyumba, hujafanya kitu. Samadi na mkojo wa zizi virudi shambani kwanza.

Mahali na ukubwa

Chimba shimo la majaribio wakati wa masika, Aprili au Mei, maji ya chini yanapokuwa juu. Sakafu ya kichujio iwe angalau mita moja juu ya maji utakayoyakuta. Ukipata zaidi ni bora. Kaa mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, chako au cha jirani, na usiingie ndani ya mita 60 za mto au kijito: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu humo. Usiweke chini ya mparachichi wala mti mwingine mkubwa, na usiweke mahali gari litakapoegeshwa. Mwone afisa afya wa kata kabla ya kuchimba. Ni rahisi kuongea naye kukiwa na mchoro kuliko kukiwa na shimo.

Ujenzi wenyewe ufanyike kati ya Juni na Oktoba. Mchanga na vumbi la mbao vikinyeshewa kabla ya kufunikwa vinajaa tope, na kingo za shimo kwenye ardhi ya majivu huporomoka bila onyo. Shimo likizidi urefu wa kiuno, litanue kingo zilale, au lizuie kwa mbao.

Ukubwa unategemea maji, si idadi ya vyumba. Kwa wiki moja hesabu ndoo zinazoingia chooni na bafuni. Tuseme watu sita wanatumia lita 60 kila mmoja: lita 360, yaani ndoo 18 kwa siku. Mchanga ubebeshwe lita 30 kwa kila mita ya mraba kwa siku, si zaidi. Kwa hiyo unahitaji mita za mraba 12, mita 3 kwa 4. Ukiwa na nafasi fanya 16. Hakuna aliyewahi kujuta kwa kichujio kikubwa, na wageni wa Krismasi hawaulizi umekijengea watu wangapi.

Karo linabaki mahali pake, mbele ya kichujio. Liwe na vyumba viwili, lisivuje, na lishike maji ya siku tatu au zaidi. Kwenye bomba la kutokea weka tii, mguu mmoja ukizama, ili mafuta na povu vinavyoelea visitoke. Maji ya jikoni yapitie chemba ya mafuta kwanza. Karo bovu ndilo linaloua vichujio vingi: tope likitoka, mchanga unaziba ndani ya miezi michache, na hapo huna dawa ila kuuchimbua. Usimruhusu mtu kuingia ndani ya karo, hata lililokauka. Gesi ya humo inaua kabla mtu hajapiga kelele, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa naye.

Kujenga

Shimo liwe na kina cha mita 1.3 hadi 1.4. Sakafu isawazishwe kwa pima maji, kwa sababu tabaka la chini linatakiwa kushika maji sawasawa kama beseni. Tandika nailoni ngumu ya kutengenezea mabwawa, ipande ukutani mpaka sentimita 50. Juu ya hapo ukuta ubaki udongo mtupu. Ardhi yetu ya majivu haiwezi kushika maji bila nailoni. Ukiiacha, tabaka la mbao litakauka na bakteria wake watakufa njaa ya naitreti huku naitreti yenyewe inapita pembeni.

Mwisho wa upande wa mteremko, laza bomba la inchi 4 lililotobolewa, ulizungushie kokoto safi. Bomba hilo litokeze kwenye chemba ndogo nje ya kichujio, na ndani ya chemba liinuliwe kwa elbo mpaka mdomo wake uwe usawa na sehemu ya juu ya tabaka la mbao. Elbo hiyo ndiyo inayoamua maji yasimame wapi. Usiigundishe kwa gundi. Iache iweze kuzungushwa, maana utahitaji kuishusha siku ya matengenezo. Shukrani kwa mteremko wa Meru, huhitaji pampu: chemba ikiwa chini ya kichujio, maji yanatoka yenyewe.

Sasa tabaka la mbao, sentimita 45. Changanya mchanga na vumbi la mbao nusu kwa nusu kwa ujazo, ndoo kwa ndoo, vikiwa na unyevu ili vumbi lisipeperuke wala kuelea. Warsha za samani mjini zinatoa vumbi na maranda ya msindano na saipresi kila siku, na nyingi zitashukuru ukiyaondoa. Changanya yote mawili: vumbi laini linaanza kazi upesi, maranda yanadumu. Kataa kabisa mabaki ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zile zenye rangi ya kijani, na vumbi la mbao za gundi. Dawa hizo ni sumu ambayo hutaki kuipeleka kwenye maji ya chini. Weka sentimita 15 kwa 15, kanyaga kwa miguu kidogo tu, mwagia maji, endelea.

Vumbi hilo litatosha kwa muda gani? Kuondoa kilo moja ya naitrojeni ya naitreti kunahitaji kaboni kama kilo moja, na nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Kilo 15 kwa mwaka zinataka kilo 30 na kitu za mbao. Katika kichujio hiki umeweka mita za ujazo 2.7 za vumbi, kilo mia kadhaa. Sehemu itapotea bure, lakini miaka kumi si matumaini makubwa, na uzoefu wa Ontario unaunga mkono.

Juu yake weka sentimita 45 za mchanga mtupu. Hapa usibane hela. Mchanga wa mto, wa chembe za kati hadi kubwa, uliochekechwa na kuoshwa. Jaza robo tatu ya chupa ya plastiki kwa mchanga na maji, tikisa, iache saa moja: tabaka la tope juu ya mchanga likionekana nene kuliko kisu cha mezani, osha tena au badili muuzaji. Mchanga mweusi wa volkano unafaa ukiwa umeoshwa. Udongo wa shambani haufai kwa tabaka hili, hata uwe mzuri namna gani kwa migomba.

Jambo moja linatusaidia huku kuliko kwingi. Bakteria wa tabaka la juu wanapotengeneza naitreti hutoa asidi, na asidi ikizidi wanalala. Maji yanayotoka kwenye miamba ya Meru, pamoja na ubaya wa floraidi yake, yana bikaboneti nyingi inayozima asidi hiyo. Kama nyumba yako inatumia maji ya mvua zaidi, changanya kwenye mchanga ndoo chache za mawe ya chokaa yaliyosagwa. Si chokaa ya kupaka ukuta; hiyo itawaua.

Mwisho, sentimita 15 za kokoto, na ndani yake mabomba mawili ya kugawa maji, moja kwa kila nusu ya kichujio, yametobolewa chini kila nusu mita. Kwenye kichwa cha kichujio jenga chemba yenye matundu mawili na kizibo kimoja. Wiki hii maji yaende nusu ya kushoto, wiki ijayo ya kulia. Nusu inayopumzika inakauka na kuvuta hewa ndani ya mchanga, na hewa hiyo ndiyo kazi nzima ya tabaka la juu. Chagua siku moja, tuseme Jumapili jioni, na mpe mtoto mkubwa wa nyumba jukumu la kuhamisha kizibo. Funika kokoto kwa kitambaa kinachopitisha maji, kisha sentimita 20 za udongo mwepesi, upande nyasi. Migomba ikae pembeni mita mbili, isiingize mizizi kwenye mabomba.

Maji yanayotoka kwenye chemba ya mwisho yaelekeze kwenye mtaro wa kina kifupi, nusu mita tu, uliopandwa mabingobingo au migomba. Naitrojeni iliyobaki italiwa huko. Shimo refu la zamani lijazwe kifusi na kufungwa, vinginevyo fundi wa kesho atalirudishia bomba. Na maji hayo, hata yakiwa meupe kabisa, si ya kunywa wala ya kumwagilia mchicha.

Miezi ya kwanza, na kupima

Wiki za mwanzo maji yatatoka na rangi ya chai. Ni utomvu wa mbao, utapungua wenyewe. Bakteria wa tabaka la juu huchukua mwezi mmoja au miwili kukua, kwa hiyo usipime mapema ukakata tamaa. Punguza dawa kali za kusafishia choo. Kikombe cha Jik kwa wiki hakitaharibu kitu, chupa nzima kwa siku itaharibu.

Baada ya miezi mitatu chukua maji ya chemba ya mwisho kwenye chupa safi, yaweke kwenye baridi, uyafikishe maabara siku hiyohiyo. Omba vipimo viwili, naitreti na amonia. Uliza pia majibu yameandikwa kwa namna gani: kama naitreti yenyewe, au kama naitrojeni iliyo ndani ya naitreti. Tofauti ni karibu mara nne na nusu, na watu wameogopa bure, au wametulia bure, kwa kutouliza.

Kisha soma majibu hivi. Amonia ikiwa nyingi, tabaka la juu halipati hewa: ama maji ni mengi kuliko mchanga, ama kizibo hakihamishwi, ama tope la karo limeanza kuziba. Pumzisha nusu moja kwa wiki tatu, nyonya karo, tazama kama dimbwi linasimama kwenye kokoto. Naitreti ikiwa nyingi lakini amonia ni kidogo, tabaka la juu ni zima na tatizo liko chini: angalia kwanza kama elbo imelala na maji yameshuka, halafu kama nailoni imetoboka. Vyote viwili vikiwa kidogo, kichujio kinafanya kazi, rudia kipimo kila mwaka, mara moja baada ya masika. Kuna vijiti vya kuchovya vinavyobadilika rangi ambavyo vinatosha kwa ukaguzi wa katikati ya mwaka. Juni na Julai, baridi ya Meru ikishuka, bakteria hupunguza mwendo. Naitreti ikipanda kidogo miezi hiyo usianze kuchimbua.

Usitegemee kupata sifuri. Vichujio vya aina hii vilivyojengwa vizuri vimeondoa zaidi ya nusu ya naitrojeni, vingine zaidi ya robo tatu. Kwa ile familia ya kilo 15, robo tatu ni zaidi ya kilo 11 kila mwaka ambazo hazifiki kwenye maji ya chini.

Pima na kisima pia, chako au cha jirani wa chini yako akikubali, kabla ya kujenga na kila mwaka baada ya hapo. Kisima hakitabadilika haraka kwa nyumba moja. Kinaweza kubadilika kwa mtaa, na mtaa wenye vipimo vya miaka mitano mkononi una la kuzungumza na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na halmashauri.

Nyonya karo kila miaka miwili au mitatu, hata kama halijajaa. Chora ramani ya kichujio kwa vipimo kutoka kona ya nyumba: mabomba, chemba zote, kimo cha elbo, tarehe ya kujenga, aina ya mchanga na mahali ulipoupata. Nakala moja ikae na hati ya kiwanja, ili atakayenunua nyumba, au mwanao atakayeijenga upya, asichimbe msingi wa ukuta juu ya nailoni.